Kiwanda cha Jua

Mwaka nilioajiriwa ndio mwaka sukari ilipoanza kuonekana tena madukani bila foleni. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, fani ya bati, msichana peke yangu darasani, na majirani zetu wa Temeke walinitazama kwa huruma kana kwamba nimefiwa. Mama, mwanamke wa pwani aliyenilea kwa kukaanga vitumbua baada ya baba kufariki, hakuficha lake.

"Mtoto wa kike na nyundo, wapi na wapi? Atakuoa nani, mwanangu? Mhunzi?"

Nikamwambia mie sitafuti mume, natafuta kazi. Akasonya. Lakini asubuhi ya siku ya kwanza alinipigia pasi ovaroli, akanikunjia mikono yake vizuri kwa kuwa ilikuwa mirefu, akanisindikiza hadi barabarani.

Kiwanda kilikuwa ndani kidogo ya Barabara ya Pugu, katika jengo lililowahi kuwa ghala la shirika la umma. Kilikuwa cha ubia. Serikali yetu ilitoa jengo na wafanyakazi. Nchi moja ya kaskazini mwa Ulaya ilitoa mashine, fedha za kuanzia na mhandisi wa kutuongoza. Tulitengeneza mitambo ya kupashia maji kwa jua. Ukiuona ulikuwa mtambo wa kawaida tu: sanduku pana la bati, ndani yake sahani nyeusi iliyochomelewa mabomba membamba ya shaba, juu yake kioo. Unaliweka paani, maji yanapita ndani ya mabomba, yanapata moto, yanapanda kwenye tangi. Halihitaji kuni wala mkaa, na umeme ukikatika halijui.

Mhandisi alikuwa mtu mrefu, mwenye Kiswahili cha kitabuni kilichotuchekesha. Siku ya ufunguzi alisimama juu ya kreti akasema, "Sisi kwetu tulianza viwanda kwa moshi. Babu zangu walikohoa mpaka wakafa. Ninyi mnaweza kuanza bila moshi." Wengine walipiga makofi kwa sababu wakubwa walikuwa wanapiga. Mie nilipiga kwa sababu nilimwamini.

Na kwa nini nisimwamini? Mtambo wetu wa kwanza tuliufunga kwenye zahanati moja huko Mbagala. Kabla ya hapo kila mjamzito aliyekuja kujifungua alitakiwa aje na mzigo wake wa kuni, na aliyekuja bila kuni alisafishwa kwa maji ya baridi, yeye na mwanawe. Tulipomaliza kufunga tukasubiri jua lifanye kazi. Mkunga, mama mnene aliyekuwa ametuangalia tangu asubuhi kwa macho ya kutoamini, akafungua bomba, akaweka mkono, akaurudisha haraka.

"Mnaniunguza!" akapiga kelele. Kisha akaangua kicheko, akawaita wenzake mmoja mmoja waje waungue nao.

Niliyefunga naye mtambo ule alikuwa kijana wa Kigoma, fundi wa kuchomelea shaba. Alikuwa na mdomo mkali na mkono mwepesi. Mwaka uliofuata tulichaguliwa yeye na mie kwenda kwa wabia wetu kujifunza zaidi. Nilipanda ndege kwa mara ya kwanza nikiwa nimevaa sweta tatu za mitumba ambazo Mama alinitafutia.

Huko kaskazini walitufundisha vizuri, siwezi kuwanyima haki yao. Tulijifunza kukata kioo, kupima mabomba yanayovuja, kukunja bati bila kuacha kovu. Lakini katika kiwanda chao kulikuwa na chumba kimoja ambacho mlango wake ulifungwa muda wote. Sahani za shaba ziliingia humo zikiwa zinang'aa, zikatoka zimepakwa dawa nyeusi, weusi wenye zambarau kwa mbali, kama shingo ya njiwa. Dawa ile ndiyo iliyokuwa ikilishika jua. Bila hiyo, mtambo ni sanduku.

Mwenzangu akamuuliza mwalimu wetu lini tutaingia humo.

"Chumba hicho hakimo kwenye mafunzo yenu," mwalimu akajibu kwa upole. "Dawa ni siri ya kampuni nyingine. Mtakuwa mnaletewa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mtakapoweza kuitengeneza wenyewe."

"Na tutawezaje bila kuonyeshwa?"

Mwalimu akatabasamu, akatazama saa, akasema wakati wa kahawa umefika.

Jioni, tukipika ugali wa unga wa ngano kwenye jiko la hosteli, mwenzangu hakuwa na raha. "Unaona, sista? Wametufundisha kushona kanzu, sindano wamebaki nayo." Nikamwambia asiwe mtu wa kukosa shukrani. Tulikuwa tumepewa mengi. Akaendelea kusonga ugali wake.

Tuliporudi mwenzangu alileta wazee wake kwetu kuniposa. Mama alipoambiwa mchumba ni fundi wa kuunganisha vyuma akasema, "Kumbe mhunzi kweli," akaingia ndani kuchambua mchele.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri, na ndiyo inayoniuma zaidi kuikumbuka. Tulifunga mitambo kwenye mabweni ya shule, kwenye hosteli, kwenye nyumba za wenye uwezo kule Kinondoni. Mhandisi alipoona sufi ya nyuzi za kioo, tuliyoijaza nyuma ya sahani kuhifadhi joto, inatoka Ulaya kwa meli, nayo inatuwasha ngozi mpaka tunalala tukijikuna, akasema tujaribu usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Tukajaribu, ukafaa. Basi wanawake wa Kigamboni wakaanza kutuletea usumba uliopigwa na kuanikwa, magunia kwa magunia, wakivuka kwa pantoni. Kiongozi wao alikuwa mjane mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Akifika getini utamsikia kabla hujamwona: "Wapokeeni wageni! Nazi zangu zimekuja shule!" Kwa usumba ule alikuwa ameezeka nyumba yake bati. Alitualika tukaione, na tukaenda, mume wangu na mie, tukala samaki wa kupaka uani kwake.

Halafu tukaambiwa awamu imekwisha.

Sikuwa nimejua kwamba kiwanda kina awamu. Nilidhani kiwanda ni kiwanda. Kumbe huko kaskazini kulikuwa na watu waliokaa mezani wakaamua kwamba tumesaidiwa vya kutosha, na kwamba fedha sasa ziende kwenye mambo mengine yaliyokuwa yakizungumzwa zaidi. Mhandisi akafanyiwa pilau ya kuagwa. Alilia, mtu mzima yule, mbele yetu sote. "Mtoto sasa anatembea mwenyewe," akasema. Mume wangu akaniinamia sikioni: "Anatembea, lakini ziwa la kunyonya bado liko kwao."

Hakukosea. Madumu ya dawa nyeusi yalipokwisha, meneja wetu akaagiza mengine. Akajibiwa kwamba nafuu ya bei ya ubia imekoma na sasa tununue kama wateja wengine, kwa fedha za kigeni. Tukabaki na shaba zinazong'aa. Tulijaribu masizi na vanishi. Tulijaribu rangi ya kupaka mabomba ya moshi. Maji yalipata uvuguvugu tu, na baada ya mvua za masika rangi ikabanduka kama ngozi ya mtu mwenye ukurutu. Wateja wakaanza kurudi wakilalamika. Kisha wabia wetu wa zamani wakatuomba, kwa adabu sana, tuiondoe nembo yao kwenye mitambo, isije ikaharibu jina lao.

Wakati huohuo Kariakoo ilikuwa imejaa bidhaa. Kila kitu tulichokuwa tukikiota miaka ya foleni kilikuwa kimepangwa barazani: redio, pasi, mabirika ya umeme ya rangi zote. Nani angesubiri jua liive paani wakati birika linachemka kwa dakika chache? Serikali ikasema haiwezi kubeba viwanda vinavyokula hasara. Chetu kikauzwa.

Mkurugenzi mpya alikuwa kijana wetu, Mtanzania, amesoma nje, anavaa suti siku ya jua kali na hatokwi na jasho. Wenye hisa wenzake walikuwa wa bara jingine tena, si lile la kwanza. Sikuwahi kuwaona hata mmoja. Alituita uwanjani, akatuambia kiwanda kimepata ubia mpya, imara zaidi ya ule wa misaada.

"Huu ni ubia wa biashara," akasema. "Jua hatuliachi. Tutaliendeleza. Mtauza hadi Zambia."

Mie niliamini tena. Ukishaonja kuamini mara moja, mara ya pili huhitaji kubembelezwa. Mume wangu yeye alikuwa amekunja mikono.

Malori yakaja. Mashine ya kukatia kioo ikafunguliwa bolti, ikapakiwa. Tukaambiwa inakwenda matengenezo. Ikafuata ile ya kupimia mabomba, kisha nyingine. Hazikurudi, na hakuna aliyetuambia zimekwenda wapi. Ilikuwa miaka ya mgawo wa umeme, mji mzima unalala gizani, na kila mwenye duka, baa na mashine ya kusaga alikuwa akitafuta namna ya kujiokoa. Makontena yakaanza kuingia getini kwetu. Tulipoyafungua tukakuta majenereta. Yalipangwa pale pale tulipokuwa tukipanga mitambo ya jua, nayo yaliuzwa kabla vumbi la safari halijafutwa.

Katika siku hizo ndipo yule mjane wa Kigamboni alipofika na mzigo wa usumba. Hakuna aliyekuwa amempa habari. Mlinzi mpya akamzuia, na mie nikatoka mbio niliposikia sauti yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu baba hanijui. Mwambie mie ni nani."

Nikamwambia hatununui usumba tena. Nikamweleza habari za kuuzwa kiwanda, za wabia wapya, za majenereta. Alinisikiliza huku ameshika kiuno, na nyuma yake mkokoteni umejaa magunia.

"Kwa hiyo mlijua," akasema.

"Tulijua, mama."

"Na hata salamu hamkutuma? Pantoni si lipo kila siku?"

Mie nilikuwa fundi wa bati tu, si karani, na kumpa habari haikuwa kazi yangu. Lakini nilikuwa nimekula samaki uani kwake. Alimwambia mwenye mkokoteni ashushe mzigo pale pale nje ya ukuta. "Siwezi kuvuka nao. Wenzangu watanicheka," akasema, akaondoka kwa miguu kuelekea mjini, bila kelele, na ndiyo ilikuwa mara ya pekee kumwona anakwenda kimya. Magunia yalikaa pale mpaka mvua zikayaozesha.

Sisi mafundi tulibakizwa kwa sababu wateja walilalamikia kelele za jenereta. Mkurugenzi akaja kwenye karakana akiwa na mchoro. Alitaka tutengeneze makasha ya bati ya kuzifunikia, kupunguza mngurumo. Nikamuuliza bati liko wapi. Akaelekeza kidole kwenye sahani nyeusi za zamani, zile za mwisho zilizopakwa dawa ya kweli, ambazo tulikuwa tumezihifadhi kwa maturubai kwa ajili ya wodi ya wazazi iliyokuwa imeziagiza.

"Zile ni za jua," nikasema.

"Zile ni chuma, mama. Zinakaa tu."

"Kuna watu wanazisubiri."

"Wamekuwa wakisubiri muda mrefu. Mteja wangu anasubiri leo."

Nikasema sizikati. Sikusema kwa ujasiri. Nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili. Mkurugenzi hakukasirika. Aligeuka kwa mume wangu, akamuuliza, "Na wewe, fundi?" Mume wangu akaniangalia. Kisha akachukua mkasi wa bati.

Niliutambua ule mlio, shaba nzuri ikikatwa. Nilivua glavu, nikaziweka mezani, nikatoka. Nje jua lilikuwa kali kiasi cha kupasua mawe, na ndani majenereta yalikuwa yakijaribiwa.

Mume wangu aliporudi nyumbani nilikuwa nimemwandalia chakula, nimekifunika. Sikukaa naye.

"Sema basi," akaniambia.

"Nisemeje? Wewe ndiye uliyeniambia walibaki na sindano. Ulikuwa unaona yote tangu mwanzo."

"Ndiyo maana nikakata. Wewe ulidhani kile kiwanda ni chetu. Mie sikuwahi kudhani."

"Ulichomelea shaba zile kwa mkono wako mwenyewe."

"Na watoto watakula shaba? Jua halilipi ada, mama watoto. Tuache kazi wote wawili, halafu?"

Hakusema uongo hata kidogo. Hilo ndilo lililonifanya nimchukie kwa muda, na muda ule haukuwa mfupi. Tuliishi nyumba moja tukiambiana ya lazima: chumvi imekwisha, mtoto ana homa. Yeye akapandishwa kuwa muuzaji, akawa anaenda Mwananyamala, Sinza, Magomeni kufunga majenereta kwenye mabaa. Alileta nyama nyumbani. Nilikula nyama ile. Mwanangu wa kwanza alisoma shule nzuri kwa majenereta yale, na mie nikafungua kibanda Mtoni, nikawa natengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Mama akawa ananiletea uji pale kibandani na kukaa nami. Hakuniambia kwamba alinionya. Nadhani ilimgharimu.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni nikaalikwa kwenye semina. Ilifanyika katika hoteli ya ufukweni kule Boko, na mada yake ilikuwa viwanda visivyochafua mazingira katika nchi zinazoendelea. Kulikuwa na wageni kutoka mabara tofauti, kila mmoja ana kitambulisho kifuani. Nilivaa gauni langu la kitenge la kwendea harusini. Aliyenialika aliniambia wanahitaji sauti ya mwanamke fundi.

Mtoa mada wa kwanza alipopanda jukwaani nilimtambua kwa urefu wake. Alikuwa mhandisi wetu, amekuwa na mvi, Kiswahili chake kimeota kutu. Akazima taa, akaanza kumulika picha ukutani. Na hapo nikatuona: mie na ovaroli lililokunjwa mikono, mume wangu ameinama juu ya shaba, yule mjane wa Kigamboni amekumbatia gunia, anacheka. Mhandisi akasema huu ni mfano wa ubia uliofanikiwa, ulioonyesha kwamba Afrika inaweza kuruka hatua ya moshi. Watu wakaandika.

Ulipofika wakati wa maswali nikanyoosha mkono.

"Mie nilikuwa fundi wa kiwanda hicho," nikasema. "Kiwanda hicho sasa ni ghala la majenereta. Kimekuwa hivyo kwa miaka."

Mwenyekiti wa kikao, bwana mmoja wa wizarani, akakohoa. "Tunakushukuru sana, mama, kwa mchango wako," akasema. "Tuendelee na swali linalofuata."

Wakati wa chai mhandisi alinifuata. Alinishika mikono yote miwili, na macho yake yalikuwa yanafurahi kweli kuniona. Akamuulizia mume wangu, akawaulizia watoto. Kisha nikamuuliza mie.

"Ulikuwa hujui?"

Alitazama kikombe chake. "Nilijua," akasema. "Niliandikiwa."

"Sasa kwa nini umesema vile?"

"Kwa sababu nikisema kilikufa, hawa hawatatoa fedha za kuanzisha kingine. Unanielewa?"

"Kingine hicho, dawa itatoka wapi?"

"Hilo bado tunalijadili," akasema, akanipapasa bega kama anavyopapaswa mtu aliyefiwa.

Nilirudi nyumbani jioni na bahasha ya semina na kalamu yenye maandishi. Mume wangu alikuwa amekaa barazani, ameloweka miguu kwenye beseni, maana siku hizo ilikuwa ikimvimba kwa kubeba majenereta ngazi kwa ngazi. Nikamsimulia yote: picha zetu ukutani, swali langu, mwenyekiti, chai. Nilipofika pale mhandisi aliposema alijua, nilidhani mume wangu atacheka, kwa sababu alikuwa mtu wa kuchekea mambo kama hayo.

Hakucheka. Aliuliza, "Kwenye picha, nilikuwa nafanya nini?"

"Unachomelea."

"Shaba?"

"Shaba."

Akatikisa kichwa taratibu, akatoa miguu kwenye maji, akajifuta. "Nilikuwa na mkono mzuri," akasema, kisha akaingia ndani kulala, na mie nikabaki nje nikimwaga maji ya beseni.